Viatu vya Siku ya Ziara

Afisa ustawi alikuwa na utaratibu wake wa kukagua nyumba, na hakuubadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Kwanza alisalimia. Kisha aliomba maji ya kunywa, si kwa sababu ya kiu, bali kwa sababu maji humwonyesha mgeni jiko, kikombe na mkono wa mwenye nyumba. Baada ya maji aliomba kuona mahali mtoto anapolala. Mwisho alibaki na mtoto peke yake, mlango ukiwa wazi, akauliza maswali yaleyale kwa sauti ileile. Chuoni walimfundisha kwamba swali lisipobadilika, jibu likibadilika utaliona mara moja.

Katika nyumba ya fundi cherehani jibu halikuwahi kubadilika.

Nyumba yenyewe haikuwa na kasoro. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda. Cherehani ilikaa dirishani ili ipate mwanga, meza ya kukatia ilikaa katikati, na nguo zilizokamilika zilining'inia ukutani zikiwa zimefunikwa kwa shuka safi. Kwa kuwa vitambaa vya wateja vilishuka mpaka sakafuni, hakuna aliyeingia na viatu. Viatu vya wote vilipangwa mlangoni, vidole vikiangalia ukuta. Mteja aliyesahau alikumbushwa, awe bibi harusi au mwalimu mkuu. Ni afisa peke yake aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba apite tu na viatu vyake, naye alipita, akaona ni heshima.

Fundi alikuwa mjane aliyevuka hamsini. Alishona sare za shule na nguo za harusi, na alizungumza akiwa na pini midomoni bila kuangusha hata moja. Katika chumba cha nyuma alikaa mdogo wake wa kiume, mlinzi wa ghala, aliyefanya kazi usiku na kushinda nyumbani mchana. Mtaa mzima ulimwita Mjomba, hata wazee waliomzidi umri. Wa tatu alikuwa msichana wa darasa la pili, ambaye serikali ilimkabidhi Fundi amlee. Humo ndani walimwita Kasuku.

Jina hilo lilimkera afisa tangu alipolisikia. Mtoto aliyemjua yeye hakuwa msemaji. Alikaa juu ya kigoda, magoti yamegusana, akajibu kila swali kwa neno moja. Unalala vizuri? Sawa. Unakula vizuri? Sawa. Shuleni je? Sawa. Katika ziara ya pili afisa alimwita Fundi pembeni na kumweleza kwa upole kwamba si vizuri kumtania mtoto mkimya kwa jina la ndege anayesema. Fundi alifungua mdomo ajibu. Akaliangalia jalada lililokuwa mkononi mwa afisa, akaufunga. Alisema amesikia.

Tangu hapo, kila gari la ofisi liliposimama nje, watu wa nyumba ile walimwita msichana kwa jina lake la kwenye jalada. Naye aligeuka taratibu, kana kwamba anamtafuta huyo anayeitwa. Afisa aliandika kwamba mtoto anachelewa kuitika jina lake.

Aliandika pia mambo mazuri, maana hakuwa mtu wa kuonea. Aliandika kwamba mtoto ni msafi. Katika kila ziara alimkuta amevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, soksi nyeupe, kamba zimefungwa mafundo mawili. Katika kazi yake alikuwa ameona watoto wengi waliovalishwa viatu vya kuazima saa ile gari linapokata kona. Hivi havikuwa vya kuazima. Vilimtosha mwenyewe, navyo vilitunzwa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtoto wa nyumba isiyoingiwa na viatu amevaa viatu.

Mwaka ulipokwisha, kitengo cha ustawi kilitakiwa kuamua kama mtoto abaki. Msichana alikuwa ameshapitia familia kadhaa kabla ya hii, chini ya afisa mwingine aliyehamia wilaya nyingine. Kila mahali ripoti ilisema vilevile: mtoto ametulia kupita kiasi, hajajenga uhusiano na mlezi. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana katika makao makubwa ya watoto, yenye mshauri nasaha na daktari. Nafasi kama hizo hazikai muda mrefu. Afisa alitafakari, akasoma upya ripoti zake zote, na akaandika pendekezo la uhamisho. Aliamua kwamba Fundi alistahili kuambiwa uso kwa uso, kabla ya kamati ya uamuzi kukaa.

Alimwambia mwishoni mwa ziara, msichana akiwa uani. Alimweleza kwamba hakuna aliyemtuhumu kwa lolote, kwamba nyumba ni safi na chakula kipo, lakini kuna watoto ambao upendo wa nyumbani hautoshi kuwafungua. Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. Sindano ilipanda na kushuka, kitambaa kikasogea, lakini uzi ulikuwa umekatika zamani na hapakuwa na mshono wowote.

"Anaongea," Fundi alisema hatimaye. "Mtoto huyu anaongea mpaka nashona mkono wa shati kinyume."

Afisa alikuwa ameyasikia maneno ya namna hiyo katika kila nyumba. Hakuna mlezi aliyewahi kumwambia kwamba mtoto hana raha pale. Alijibu kwamba yeye anaandika anachokiona. Fundi akauliza kama mtu anaweza kumwona samaki akiogelea ilhali amemtoa majini. Aliuliza bila ukali, huku akitafuta kitu mezani, akiinua vitambaa na kuvirudisha. Alisema kuna kibiringo kimoja, kigurudumu cha uzi mwekundu, hakionekani. Afisa aliaga.

Dereva alimshusha kwenye njia panda, kwa sababu alitaka kwenda kujaza mafuta na afisa alitaka kununua gazeti. Alipotaka kulisoma ndipo alipogundua kwamba miwani yake ilibaki juu ya meza ya kukatia. Hapakuwa mbali. Alirudi kwa miguu.

Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya nyumba.

"Na unalala vizuri?" sauti iliuliza.

Ilikuwa sauti ya mtoto, lakini mwendo ulikuwa wa afisa. Kituo kifupi kabla ya swali kilikuwa chake. Hata kule kushusha sauti mwishoni, ili mtoto asiogope, kulikuwa kwake. Afisa alisimama kando ya dirisha.

Msichana alikuwa amesimama juu ya kigoda. Alikuwa amevaa utepe wa kupimia shingoni, ukining'inia kama kitambulisho cha ofisi, na chini ya kwapa alibana kipande cha kadibodi. Mbele yake, sakafuni, Mjomba alikaa amekunja magoti, macho chini, mikono katikati ya mapaja.

"Sawa," Mjomba alijibu kwa sauti nyembamba.

"Unakula vizuri?"

"Nyama yote anakula Fundi."

"Muongo mkubwa wewe," Fundi alisema kutoka cherehanini. Alikuwa amewapa mgongo, na sauti yake ilikuwa na kamasi ya mtu aliyekuwa akilia na hataki ijulikane.

"Wewe usiingilie, mama. Hapa nazungumza na mtoto," msichana alisema. Aliandika kwa kidole juu ya kadibodi, akitamka kila neno. "Mtoto anasema uongo. Mtoto hajaoga. Mtoto ana ndevu."

Mjomba alicheka mpaka akaangukia ubavu. Msichana naye alicheka, akashuka kwenye kigoda, akamzunguka huku akimuuliza mfululizo: nani anamkasirisha, ana rafiki wangapi, mbona amechakaa hivyo, mbona anakoroma mchana watu wakisoma, na je, anajua kwamba serikali haipendi watu wanaokoroma? Hakupumua kati ya swali na swali. Miguu yake ilikuwa mitupu, na nyayo zimeshika vumbi jeupe la chaki.

Afisa alipiga hatua moja ili aone vizuri, na kivuli chake kikaingia ndani.

Mjomba alimwona kwanza, akakaa wima. Msichana akageuka.

Hakulia wala hakukimbia. Alivua utepe shingoni, akauviringa, akauweka mahali pake mezani. Aliweka kadibodi chini. Alitembea mpaka mlangoni, akapita karibu na afisa, aliyekuwa amefika kizingitini, bila kumtazama, na katika safu ya viatu akachukua vile vyeusi. Alikaa chini akavaa soksi, akavaa viatu, akafunga kamba mafundo mawili. Halafu akaingia chumbani na kurudi na mfuko wa kitambaa uliojaa, ambao mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alikaa juu ya kigoda. Aliuweka mfuko juu ya magoti na kuukumbatia.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

Afisa alisema kwamba amefuata miwani tu. Msichana aliendelea kumtazama, akisubiri sehemu iliyobaki.

"Sikuja kukuchukua," afisa alisema.

"Yule mwingine pia alisema hivyo."

Afisa alikuwa na kanuni aliyoishika kuliko zote: usimwahidi mtoto jambo lisilo mikononi mwako. Pendekezo la uhamisho lilikuwa ndani ya mkoba wake, limekunjwa mara mbili. Alichukua miwani mezani, akasema asante, akatoka. Alitembea mpaka getini.

Fundi alimfuata. Walisimama pale, na Fundi akasema yale ambayo hakuwahi kuyasema. Katika familia zote za mwanzo, msichana alichukuliwa siku ya ziara. Afisa anakuja, anauliza maswali, na jioni mtoto anajikuta ndani ya gari. Mara moja alipelekwa pekupeku, kwa sababu hapakuwa na muda wa kutafuta viatu. Tangu alipoingia nyumba hii, kila akiarifiwa kwamba kesho kuna mgeni wa ofisi, hafungui mdomo. Asubuhi anafunga mfuko, anauficha chumbani, anavaa viatu. Gari likiondoka anavua viatu. Jioni anafungua mfuko, anarudisha nguo sandukuni moja moja, na hapo ndipo anapoomba chakula.

Afisa aliuliza kwa nini hakuambiwa.

"Ningekwambia kila ukija mtoto anafunga mizigo," Fundi alisema, "ungeandika nini?"

Afisa alijua jibu. Angeandika kwamba mtoto anataka kuondoka.

*

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kudanganywa. Miaka mingi nyuma alimwacha mtoto katika nyumba iliyompendeza macho, akalipia kwa usingizi wake. Alimsikiliza afisa mpaka mwisho, kalamu imelala mezani, kisha akamuuliza kwa muda gani alimwona msichana akicheka. Afisa alisema ni muda mfupi tu. Na kwa muda gani alimwona amenyamaza? Mwaka mzima.

"Kwa hiyo unataka nitupe mwaka mzima kwa sababu ya muda mfupi tu," alisema.

Afisa alisema kwamba kwa mwaka mzima hakumwona msichana. Alimwona msichana anayesubiri gari. Kila alichokiandika kilikuwa kweli, na kilikuwa kweli kwa siku za ziara peke yake. Nyumba zote zimehukumiwa kwa siku hizohizo, akasema, na kwenye makao makubwa pia ofisi itamtembelea, na huko pia atavaa viatu.

Mkuu aliichukua kalamu yake. Alisema hoja ina uzito, lakini kamati si yeye. Hawezi kwenda mbele ya watu wazima na kuwawekea mezani jozi ya viatu. Kamati inataka kauli ya mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake, nayo mpaka sasa ni neno moja tu, sawa. Nafasi ya makao ingeshikiliwa mpaka mwisho wa wiki. Afisa arudi mara moja zaidi. Akipata kauli, mkuu ataisoma mwenyewe kwa kamati. Asipoipata, msichana ahamishwe.

Afisa alitoka akiwa na ruhusa, na hakujua aifanyie nini. Alikuwa na maswali mengi ambayo chuo kilimpa, na yote yalimkuta mtoto amevaa viatu. Angeweza kwenda bila taarifa, akamkuta pekupeku. Lakini aliona kwamba hiyo ingekuwa kuiba, na mtoto aliyeibiwa jibu angejifunza kuvaa viatu kila siku.

Mwishowe alituma ujumbe kwa Fundi, akamwomba amsomee msichana neno kwa neno. Alisema atakuja kesho baada ya shule. Atakuja kwa miguu, peke yake, na ataondoka kwa miguu, peke yake. Hakusema lolote kuhusu siku nyingine. Hayo yaliyomo yalikuwa ndani ya uwezo wake, naye aliyaahidi.

*

Alipofika alivua viatu mlangoni. Fundi alimwambia apite tu, asijisumbue, lakini alikuwa ameshainama. Aliviweka mwishoni mwa safu, vidole vikiangalia ukuta, akaingia na soksi.

"Mheshimiwa," Mjomba alisema kwa adabu kubwa, "soksi yako ina dirisha."

Ni kweli. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa nje chote. Afisa alikitazama kana kwamba si chake. Fundi alimkemea mdogo wake kwa jicho, kisha akasema kwamba kama mgeni hatajali, sindano ipo. Afisa aliivua na kumpa.

Msichana alikuwa juu ya kigoda chake. Viatu vyeusi, mafundo mawili, mfuko juu ya magoti. Lakini alikuwa ameiona ile soksi, na alikuwa ameibana midomo yake kwa nguvu.

Afisa hakuomba maji wala hakuomba kuona kitanda. Alikaa sakafuni, mahali alipokaa Mjomba siku ile, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa meza. Alisema kwamba leo amechoka kuuliza. Kama kuna mtu anayeijua kazi ile, aifanye yeye, naye atajibu.

Fundi alishona soksi. Mjomba alitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu. Msichana aliangalia dirishani, upande ambao magari hutokea, akaangalia tena. Barabara ilikuwa na mwendesha baiskeli mmoja tu.

Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama afisa ataandika.

"Afisa ndiye anayeandika," afisa alisema. "Mimi leo ni mtoto."

Msichana alilifikiria jambo hilo kwa makini. Alisema kwamba kama ni hivyo, mambo hayajakaa sawasawa. Mtoto ndiye anayeshika mfuko. Alishuka, akaja, akauweka mfuko juu ya magoti ya afisa. Na mtoto ndiye anayevaa viatu. Aliinama akafungua mafundo, ambayo yalimchukua muda kwa sababu aliyakaza, akavua viatu, akavua soksi, akaviweka mbele ya miguu ya afisa, maana kuingia visingeingia. Alichukua utepe wa kupimia akauvaa, akachukua na kile kipande cha kadibodi. Alipanda juu ya kigoda.

Mfuko ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Afisa aliukumbatia kama alivyoona ukikumbatiwa. Chini kabisa, katikati ya nguo laini, kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Mikono yake ilikitambua kabla ya akili: kilikuwa kibiringo cha uzi. Aliinua macho akakutana na macho ya Fundi, na akaelewa kwamba Fundi alijua siku zote kilipo, na kwamba alikitafuta kila siku ya ziara ili tu mtoto asijue kwamba anajua.

"Unalala vizuri?" afisa mdogo aliuliza.

"Sawa."

"Unakula vizuri?"

"Sawa."

"Shuleni je?"

"Sawa."

Msichana alishusha kadibodi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeharibiwa kazi.

"Usiseme sawa," alisema.

Afisa alisema kwamba watoto wote husema hivyo, na maafisa hawakasiriki.

"Wanaandika vibaya lakini. Ukisema sawa wanaandika vibaya."

"Basi mtoto aseme nini?"

"Aseme."

"Mimi sijui. Mimi ni mtoto mgeni. Nifundishe."

Msichana alikanyaga kigoda kwa unyayo. "Aseme hataki gari," alisema. "Aseme analala na Fundi kwa sababu kitanda chake mwenyewe kiko karibu na dirisha, lakini atakihamia akikua. Aseme Mjomba anakoroma lakini si kitu. Aseme ana rafiki, na huyo rafiki akija kumuulizia hawezi kujua shule yake mpya iko wapi." Sauti yake ilikuwa ikipanda, na haikuwa tena sauti ya afisa. "Aseme hapa ni kwao. Waache kuja kumuuliza kama anapapenda halafu akipapenda wanamchukua."

Sindano ya Fundi ilikuwa imesimama katikati ya soksi. Mjomba aliishika redio kwa mikono miwili, kichwa chini.

Afisa aliuondoa mfuko magotini, akauweka kando taratibu. Alijua kwamba hapo ndipo mchezo ulipotakiwa kukoma, kwa sababu alichokisikia kingekuwa na maana ikiwa tu kilitolewa kwa hiari. Alisema kwamba sasa anarudi kuwa yeye. Kuna watu wanaokaa mezani na kuamua, alisema, nao hawamjui. Wanataka kusikia maneno yake, na wakisikia si lazima wakubali. Yeye hawezi kuwasemea. Anaweza kuyabeba tu.

"Hayo uliyosema," akauliza, "ni ya mtoto wa mchezo, au ni yako?"

Msichana aliangalia viatu vyake, pale vilipo, tupu, mbele ya mtu mzima aliyevaa soksi moja.

"Yangu," alisema.

"Niyaandike?"

"Yote?"

"Kama ulivyoyasema."

Msichana alifikiri. Alisema aandike yote isipokuwa la kukoroma, maana Mjomba ataona aibu. Mjomba, bila kuinua kichwa, alisema liandikwe tu, nchi nzima inalijua.

Afisa aliandika palepale sakafuni, jalada likiwa juu ya goti, akamsomea kila sentensi, naye akasahihisha mbili. Kazi ilipokwisha alivaa soksi yake iliyozibwa, akasimama. Ndipo Fundi alipomwambia Kasuku amsindikize mgeni. Alilisema jina hilo kwa sauti ya kawaida, mbele ya afisa, na afisa hakusema neno.

Katika mwaka mzima msichana hakuwahi kuvuka kizingiti cha mbele siku ya ziara. Alitoka sasa mpaka getini, pekupeku, akitembea pembeni kidogo kwa sababu ya changarawe. Walisimama. Aliangalia barabara pande zote mbili.

"Wakikataa?" aliuliza.

Afisa alitamani sana kusema uongo. "Wakikataa, nitakuja kukwambia mwenyewe," alisema. "Kwa miguu. Kabla ya mtu mwingine yeyote."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Haikuwa ahadi kubwa, lakini aliipima na kuiona inabebeka. Alibaki getini mpaka afisa alipokata kona.

*

Kamati ilikaa. Mkuu aliisoma kauli mwenyewe, kama alivyosema, bila kupunguza la kukoroma. Mjumbe mmoja aliuliza kama maneno hayo hayakufundishwa na mtu. Afisa alijibu kwamba yalifundishwa, na kwamba mwalimu alikuwa mtoto na mwanafunzi alikuwa yeye. Nafasi ya makao alipewa mtoto mwingine, aliyeihitaji kweli. Iliamuliwa kwamba msichana abaki kwa Fundi mpaka awe mtu mzima, labda sheria ipate sababu mpya.

Afisa alipeleka habari kwa miguu, siku hiyohiyo. Msichana aliisikiliza, akauliza kama imeandikwa, akarudi kucheza. Fundi alikaa juu ya kitambaa cha bibi harusi wa watu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Ziara hazikuisha. Sheria inazitaka, nayo ina sababu zake. Miezi ilipopita afisa alituma taarifa, akaja, akavua viatu mlangoni. Alitazama safu kabla ya kuingia. Viatu vyeusi havikuwepo.

Msichana alikuwa juu ya kigoda, amevivaa.

Afisa alikaa sakafuni, akaomba maji. Hakuwa ametegemea kwamba woga ulioingia taratibu ungetoka kwa mkupuo. Kisha akaona kwamba mfuko haupo juu ya magoti. Ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango, bapa, hauna kitu. Mezani, kando ya mkasi, kibiringo cha uzi mwekundu kilikuwa mahali pake. Na kamba za viatu hazikufungwa. Zilikuwa zimelegezwa mpaka mwisho, zimelala sakafuni pande zote mbili.

Msichana aliona mahali afisa anapotazama.

"Nimevaa tu," alisema.

Halafu akamuuliza afisa kama soksi zake leo ni nzima, na kabla hajajibiwa akamwambia anyooshe miguu aone, na mbona amechelewa, na je, anajua kwamba Mjomba amenunua redio nyingine, na hii ni mbovu kweli?

Afisa alinyoosha miguu.